Chupa isiyobadilika rangi

Kijiko cha kwanza kilitoka cha pinki. Cha pili, pinki. Cha tatu, pinki vilevile.

Mtoto wa kike wa miaka minne alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango wa chumba cha wazazi wake, Tabata, jijini Dar es Salaam. Mkono mmoja alishika chupa ya dawa ya homa, mwingine kijiko. Alikuwa anamimina, anaangalia rangi, anaonja kidogo, kinachobaki anamnywesha mwanasesere. Kisha anamimina tena.

Baba yake alimkuta hapo saa moja na nusu asubuhi, alipokuwa akitafuta funguo za duka. Chupa ya parasetamo iliyofunguliwa usiku uliopita ilikuwa imebaki chini ya robo. Mkeka umelowa. Gauni la mwanasesere linanata.

"Mama, umekunywa ngapi?" aliuliza. Baba huyu humwita binti yake mama, kwa kuwa mtoto amerithi jina la bibi yake mzaa baba.

Mtoto hakuelewa kwa nini sauti ya baba imebadilika. Alimnyooshea kijiko.

"Ya kijani haijatoka," alisema.

Maswali ya muuguzi

Walipanda bajaji hadi zahanati, mtoto akiwa amepakatwa na baba. Mama alikuwa amebeba pakiti ya maziwa njiani, amnyweshe ili atapike, kama alivyosikia watu wakisema tangu utotoni. Muuguzi wa zamu alimzuia. Kumtapisha mtoto bila maelekezo ya mtaalamu kunaweza kumletea madhara mengine, kwa sababu anachotapika kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Badala yake muuguzi aliuliza maswali kwa haraka. Dawa gani? Chupa ilikuwa na kiasi gani kabla? Amekunywa saa ngapi? Ana uzito gani?

Bahati nzuri mama alikuwa ameibeba na chupa yenyewe. Muuguzi alisoma nguvu ya dawa kwenye lebo, akampima mtoto uzito, akakaa na daktari kupiga hesabu. Parasetamo ni dawa salama ikitolewa kwa kipimo. Ikizidi sana huumiza ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtoto anaweza kucheza na kucheka kama kawaida. Ndiyo maana mtoto aliyekunywa dawa nyingi hasubiriwi aonyeshe dalili. Anapelekwa kwanza, na chupa yake.

Hesabu ilionyesha kuwa hakumeza kiasi cha hatari. Nyingi ilikuwa kwenye mkeka na kwenye tumbo la kitambaa la mwanasesere. Hata hivyo walikaa pale hadi alasiri, mtoto akiangaliwa, wazazi wakiwa kimya kwenye benchi la mbao kama watu waliogombana, ilhali hawakugombana.

Walipokuwa wanaaga, muuguzi aliuliza swali la mwisho.

"Sasa huyu, nani kamwambia dawa inabadilika rangi?"

Baba alimtazama mama. Mama akaitazama simu.

Kipande cha dakika mbili

Usiku ule mtoto alipolala, baba alifungua simu ambayo mtoto hupewa jioni mama anapopika. Hakuhangaika kutafuta. Video zilezile zilikuwa zimepangana, kwa kuwa mtoto akipenda kitu hukirudia hata mara kumi.

Ya kwanza ilikuwa ya mwanaume mwenye kofia, mtu wa kweli mwenye uso na jasho lake, akicheza dansi na pengwini wanne wa katuni. Ya pili ilikuwa ya yaya aliyenyooka kama rula, mwanamke wa kweli naye, amesimama chumbani na watoto wawili waliovaa nguo za kulalia. Ana chupa moja na kijiko. Anammiminia mtoto wa kiume, inatoka nyekundu, na mtoto anasema ina ladha ya stroberi. Anammiminia wa kike kutoka chupa ileile, inatoka ya kijani, ladha ya ndimu. Halafu anajimiminia mwenyewe, na yake ina ladha nyingine kabisa.

Baba alirudia kipande kile mara tatu. Alitafuta alama yoyote ya kumwonyesha mtoto wa miaka minne kuwa jambo hili haliwezekani. Hakuiona. Mkono ni wa mtu, kijiko ni cha bati, chupa ni chupa.

Kisha akakumbuka neno lake mwenyewe. Usiku uliopita mtoto alikuwa na joto, amekaza midomo, hataki dawa. Baba alikuwa amechoka, ametoka dukani saa mbili usiku. Alisema, "Kunywa mama, juisi hii." Mtoto akanywa. Na chupa ikaachwa juu ya stuli.

Mama alitaka video zote zifutwe na simu isiguswe tena. Baba alikubali. Aliyekataa ni bibi, mama mzaa baba, anayeishi nao.

"Mkimnyima sasa hivi, ataimalizia kichwani mwake," alisema. "Mwacheni aone inavyoisha. Hadithi gani hiyo isiyo na mwisho?"

Jioni tatu

Vile vipande vinatoka kwenye Mary Poppins, filamu ya muziki ya Walt Disney iliyotoka Marekani mwaka 1964. Yaya ni Julie Andrews, na hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Disney alipomwomba acheze alikuwa mjamzito, akajibu kuwa hawezi, naye Disney akasema watamsubiri. Mwanaume mwenye kofia ni Dick Van Dyke. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo 13 za Oscar ikapata tano, moja ikiwa ya Andrews na nyingine ya hila zake za kamera.

Shangazi wa mtoto aliwapatia filamu nzima kwenye diski. Ina dakika 139. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku akiwa amekaa mbele ya skrini, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Wakaigawa filamu jioni tatu. Baba akafunga duka mapema siku hizo tatu, jambo ambalo majirani waliliona.

Kiingereza cha filamu kile ni cha Waingereza wa London ya mwaka 1910, na mtoto hakielewi. Baba akafanya kama wafanyavyo watafsiri wa kwenye vibanda vya video: akapunguza sauti na kusimulia juu yake. Mtoto akakaa miguuni pake. Bibi akakaa kwenye kochi na, kabla picha haijaanza, akasema kwa sauti, "Paukwa!"

"Pakawa!" mtoto alijibu, bila kufikiri.

Jioni ya kwanza waliwaona akina Banks: baba anayefanya kazi benki na kurudi nyumbani kwa saa ileile kila siku, mama mwenye shughuli zake, na watoto wawili, Jane na Michael, wanaowakimbiza mayaya mmoja baada ya mwingine. Yaya mpya akashuka kutoka angani kwa mwavuli. Alipowafundisha watoto kupanga chumba, aliimba ule wimbo wa kijiko cha sukari kinachoteremsha dawa.

"Dawa iko wapi?" mtoto aliuliza.

Baba aliangalia vizuri. Hapakuwa na dawa. "Anasema kazi ya kupanga vitu vyako ni kama dawa chungu. Ukiifanya huku unacheza, inaisha haraka."

Mtoto alionekana kudanganywa. Wimbo alioujua kwenye simu kumbe ulikuwa wa kufanya usafi.

Sukari ya kweli

Wimbo huo una historia ambayo kila mzazi aliyewahi kupanga foleni ya kliniki ataielewa.

Nyimbo za filamu ziliandikwa na ndugu wawili, Robert na Richard Sherman. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtoto wa Robert, Jeffrey, alirudi nyumbani akasema amepata chanjo ya polio shuleni. Baba akamuuliza kama iliuma. Mtoto akasema haikuuma, kwa sababu dawa iliwekwa kwenye kidonge cha sukari, akakila. Chanjo ile ya kumeza, iliyotengenezwa na Albert Sabin, ilikuwa mpya wakati huo. Baba alikwenda kazini na neno la mwanawe, likawa wimbo.

Mama wa Tabata aliposomewa habari hiyo alicheka. Binti yake hakupata sukari. Alipata matone mawili mdomoni alipozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kama ilivyoandikwa kwenye kadi yake. Lakini ni chanjo ya ukoo uleule. Matone hayo, pamoja na miguu ya wahudumu wa afya waliogonga mlango kwa mlango, ndiyo yaliyofanya Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani itangazwe kuwa huru na virusi vya asili vya polio tarehe 25 Agosti 2020.

Kutia utamu kwenye dawa ya mtoto kumeokoa maisha. Mwaka 2009 ilianza kutolewa dawa mseto ya malaria ya watoto inayoyeyuka kwenye maji, yenye ladha tamu ya cheri, kwa sababu vidonge vichungu vilivyosagwa vilikuwa vikitemwa. Mtoto anayetema dawa hapati kipimo chake.

Kwa hiyo baba hakukosea kumpa binti yake dawa tamu. Alikosea jina. Sukari ya Jeffrey ilitolewa na mtu mzima, mara moja, kwa kipimo, na mtoto alijua kabisa kuwa amepewa dawa. Ile ya Tabata iliitwa juisi. Juisi mtoto hujimiminia mwenyewe.

Pengwini ambao hawakuwepo

Jioni ya pili ndiyo waliyoisubiri na kuiogopa.

Bert, yule wa kofia, anachora kwa chaki kwenye sakafu ya njia, bustanini. Yaya, Bert na watoto wanashikana mikono wanarukia ndani ya mchoro mmoja. Vumbi la rangi linatimka, na wanatokea kwenye nchi ya katuni: vilima vya kuchorwa, kondoo wanaoimba, mto wa kuchorwa. Katikati yake watu wanne wa nyama na damu. Pengwini wanahudumia chai. Bert anacheza nao. Baadaye farasi wa bembea ya kuzunguka wanachomoka kwenye bembea na kukimbia mashindano.

Bibi hakushangaa hata kidogo. "Sungura amekuwa akizungumza na watu tangu mimi sijazaliwa," alisema.

Mtoto naye hakudanganyika. "Hawa katuni," alitamka, akiwaonyesha pengwini kwa kidole, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni.

Kisha radi ikapiga. Mvua ikanyesha ndani ya mchoro. Vilima vikaanza kutiririka, rangi zikachanganyika, na watu wanne wakajikuta wamesimama njiani chini ya miavuli, miguuni pao kukiwa na maji ya chaki.

"Pengwini wamekwenda wapi?"

"Wamefutika," baba alisema. "Walikuwa chaki."

Na hapohapo, eneo linalofuata, watoto wamefika nyumbani wamelowa, na yaya anatoa chupa ili wasipate mafua.

"Hii ndiyo!" mtoto alisimama. "Baba, hii ndiyo!"

Baba akaisimamisha filamu. Mama akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Pengwini ni nini?" mama aliuliza.

"Katuni."

"Na chupa?"

"Chupa ni chupa," mtoto alisema, akishangaa swali lenyewe.

Hapo wazazi wakaelewa kilichotokea nyuma ya mlango. Walikuwa wamedhani mtoto ameamini katuni. Katuni hakuiamini. Alimwamini mtu. Ukimweka mtu wa kweli katikati ya pengwini wa kuchorwa, pengwini hawageuki kuwa wa kweli machoni pa mtoto, lakini huyu mtu anatoka pale na uwezo wao. Akishika chupa inayofanana na ya nyumbani, mtoto hana sababu ya kumtilia shaka.

Baba alitafuta namna ya kueleza. Alikuwa amesoma habari za filamu ile kwenye simu usiku uliotangulia, kwa hiyo alisimama katikati ya sebule, akakunja suruali, akacheza ile dansi. Ni mwuza vifaa vya ujenzi mwenye kitambi kidogo. Alirusha miguu, akainama, akampisha pengwini mmoja, akampigia makofi mwingine. Bibi alicheka hadi akafuta macho.

"Unawaona pengwini?" aliuliza akihema.

"Hapana."

"Na yeye hakuwaona. Alicheza peke yake kama mimi. Wenzake wakaja kuchora baadaye."

Ndivyo ilivyokuwa. Waigizaji walipigwa picha kwanza, mwaka 1963, ndani ya studio za Burbank, California, bila hata kwenda London. Nyuma yao paliwekwa pazia jeupe lililomulikwa kwa taa za sodiamu, mwanga wa njano kama wa zile taa za barabarani za zamani. Ndani ya kamera kulikuwa na prizimu, kipande cha kioo kinachogawa mwanga. Filamu moja ilinasa waigizaji na rangi zao. Nyingine ilinasa ule unjano peke yake, na kwa hiyo ikatoa kivuli kamili cha kila mtu. Kivuli hicho ndicho kilichowaonyesha mafundi wapi pa kukata ili kumtoa mtu studio na kumweka kwenye mchoro. Ukataji ulikuwa safi kiasi kwamba hata wavu mwembamba wa kwenye kofia ya Mary Poppins ulibaki, na mchoro ukaonekana nyuma yake. Petro Vlahos, Ub Iwerks na Wadsworth Pohl walipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Halafu wachoraji wakaingia. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde. Pengwini mmoja kupita katikati ya miguu ya Dick Van Dyke, tena bila kumkanyaga, ni michoro mingi iliyopimwa kwa kufuata miguu iliyokwisha kucheza.

Disney hakuwa mgeni wa jambo hilo. Mwaka 1923 aliwahi kumweka msichana wa kweli kwenye nchi ya katuni. Na mwaka 1945, kampuni nyingine ya Marekani ilimchezesha Gene Kelly dansi na Jerry, yule panya wa Tom na Jerry ambaye watoto wa Tabata wanamfahamu vizuri. Kilichobadilika mwaka 1964 ni kwamba mshono haukuonekana tena.

"Na chupa je?" mtoto aliuliza. Hakuwa amesahau.

"Chupa nayo ina watu walioifanyia hila," baba alisema. "Ya kwetu haina watu. Ya kwetu ina dawa tu."

Mtoto alifikiri. Kisha akataka baba acheze tena.

Mlango wa kutokea

Bibi ndiye aliyeona jambo ambalo wengine hawakuliona. Filamu ile, alisema, ina adabu ya hadithi. Wanaingia kwenye mchoro kwa kushikana mikono na kuruka, kila mtu anaona kuwa wameingia. Wanatoka kwa mvua, kila mtu anaona kuwa wametoka. Ni paukwa na mwisho wake. Kwenye simu mtoto alipewa katikati tu. Mvua ilikuwa imekatwa.

Mwandishi wa kitabu chenyewe, P. L. Travers, aligombania hilohilo kwa namna yake. Alipokwenda California mwaka 1961 kupitia hadithi na akina Sherman, hakutaka katuni kabisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1934 yaya na Bert wanaingia kwenye mchoro wawili peke yao, siku ya mapumziko ya yaya, na watoto wanabaki nyumbani. Disney ndiye aliyewaingiza watoto. Siku ya uzinduzi Travers alilia, na katuni ni mojawapo ya mambo ambayo hakuyasamehe.

Huenda familia ile ya Tabata isingekubaliana naye. Mtoto wao alifurahi. Lakini mama alisema anaelewa mwanamke anayeuliza nani atakuwa na watoto humo ndani. Katika filamu hawaendi peke yao. Wanaingia na mtu mzima anayewashika mkono, na mtu huyohuyo anawarudisha nyumbani na kuwabadilisha nguo. Wakianza kusimulia mashindano ya farasi, yaya anakana: mtu mwenye heshima zake kama yeye, mashindanoni? Anajua kucheza na anajua kufunga mchezo.

Jioni ya tatu

Jioni ya tatu mtoto alisinzia mara mbili. Ni sehemu ya wakubwa. Bwana Banks anawapeleka watoto benki, vurugu inatokea, na usiku anaitwa kwenda kufukuzwa kazi. Anatembea barabarani peke yake, gizani. Asubuhi hayupo nyumbani na familia inaogopa. Kisha anatokea ghalani na tiara ya watoto, ile iliyokuwa imechanika, ameitengeneza mwenyewe. Wanatoka wote kwenda kuirusha, na yaya, akiona hahitajiki tena, anafungua mwavuli wake na kuondoka.

Baba alitafsiri hadi kwenye usiku ule wa Bwana Banks, kisha akanyamaza. Mama alidhani amesahau Kiingereza.

Travers alikuwa na baba aliyefanya kazi benki, huko Queensland, Australia. Alishushwa cheo kutoka umeneja, na alifariki mwaka 1907, binti yake akiwa na miaka saba. Anayelijua hilo haoni tena filamu ya yaya anayeruka. Anaona mtoto anayemsubiri baba arudi.

Katika sehemu yote hiyo hakuna katuni hata moja. Tiara ni ya karatasi, uzi ni uzi, na mkono wa baba uko juu yake.

Baada ya hapo

Siku hizi dawa zote za nyumba ile zimo kwenye sanduku lenye kufuli juu ya kabati, hata zile za presha za bibi ambazo zamani zilikaa kwenye mkoba wake chini ya kitanda. Kufuli lilitoka dukani kwa baba. Hakuna anayeziita juisi wala pipi. Simu bado inatumika, lakini sebuleni, sauti ikiwa wazi, na kwa filamu yenye mwanzo na mwisho. Siku ambazo hakuna mtu wa kukaa naye, mtoto hupewa sufuria za zamani na maji, naye hulowa.

Mwezi uliofuata homa ilirudi. Walimpeleka kupima, haikuwa malaria. Usiku baba alishika kijiko.

"Hii ni dawa," alisema. "Ni tamu kidogo. Ni ya homa. Anayekupa ni mimi, mama, au bibi. Ukiiona peke yake huigusi."

Mtoto aliinama akakichungulia kijiko kwa muda.

"Pinki," alisema, na akanywa.

Jumamosi moja ya masika alichora pengwini kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, mmoja mwenye miguu mitatu. Baba alikuwa amerudi saa kumi. Mvua ilipoanza kupiga pembeni mwa baraza, wote wawili walisimama mlangoni wakitazama maji yakimfikia pengwini, mguu mmoja kwanza, kisha tumbo, hadi ikabaki michirizi myeupe inayoelekea mferejini. Baba alimwangalia binti yake kama atalia.

"Kesho namchora mwingine," mtoto alisema, akaingia ndani kutafuta viatu vyake.